Kulinganisha Prosesa Mbili za Kompyuta ya Mezani katika Kazi za Kituo cha Afya

Katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, mgonjwa wa leo hukutana na kompyuta kabla hajakutana na tabibu. Jina lake hutafutwa kwenye skrini ya mapokezi, kadi yake ya bima huhakikiwa papo hapo, na maagizo ya vipimo husafiri kwenda maabara bila karatasi kupita mikononi mwa mtu. Kompyuta hiyo inapochelewa, foleni nzima husimama nayo, na maneno yanayosikika dirishani huwa yale yale: sistimu iko chini, subirini kidogo. Aghalabu sistimu haiko chini. Inakwenda taratibu tu, na hakuna aliyepima kujua sababu.

Hapo ndipo shauri la kununua kompyuta mpya linapoanzia. Chukua mfano wa kamati ya manunuzi ya kituo kilichoamua kubadilisha kompyuta za mapokezi. Profoma mbili ziko mezani. Ya kwanza ni ya kompyuta za mtumba zenye prosesa ya Intel Core i5-2400. Ya pili ni ya kompyuta, nazo zimetumika lakini si za zamani sana, zenye Intel Core i3-8100. Za kwanza ni nafuu. Mjumbe mmoja anahoji kwa nini kituo kilipe zaidi ili kipate tatu, ilhali tano ipo kwa bei ndogo. Hoja yake inaonekana ya busara, lakini imejengwa juu ya namba isiyopaswa kulinganishwa kwa namna hiyo.

Prosesa, ambayo wengine huiita kichakataji, ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo ya programu. Makala haya yanazilinganisha prosesa hizo mbili kwa kazi zinazofanyika kituoni: kufungua jalada la mgonjwa, kutazama picha za eksirei na CT, kuzungumza na daktari bingwa aliye mbali kwa njia ya video, na kutunza siri za wagonjwa. Kulinganisha kwa namba za kwenye boksi peke yake ni sawa na kuchagua dawa kwa rangi ya kidonge.

Jina husema nini

Katika majina ya Intel ya kipindi hicho, namba 3, 5 na 7 zinazofuata herufi i huonyesha daraja la prosesa miongoni mwa wenzake wa toleo moja. Toleo lenyewe huonyeshwa na tarakimu inayofuata mstari mdogo. Kwa hiyo i5-2400 ni prosesa ya daraja la kati ya toleo la pili, iliyoingia sokoni Januari 2011, na i3-8100 ni ya daraja la chini ya toleo la nane, iliyotoka Oktoba 2017. Kati yake kuna karibu miaka saba. Mwanafunzi bora wa darasa la pili anastahili sifa zake, lakini hakuna mwalimu anayempa mtihani wa darasa la nane kwa sababu tu alishika nafasi ya juu darasani kwake.

Bei za awali za kiwandani nazo zina funzo. Ya kwanza ilitangazwa kwa dola 184 za Marekani na ya pili kwa dola 117. Teknolojia ilikuwa imesogea kiasi kwamba ya daraja la chini iliuzwa kwa bei ndogo zaidi na bado ikawa na uwezo mkubwa zaidi.

Hata hivyo jina i3 peke yake halitoshi. Hadi toleo la saba, prosesa za i3 za kompyuta za mezani zilikuwa na viini viwili tu, yaani sehemu mbili zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Viini vinne vilianza na toleo la nane. Core i3-7100, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2017, ina viini viwili. Muuzaji akisema tu kwamba kompyuta ina i3, mnunuzi bado hajaambiwa jambo la maana. Ni lazima namba nzima iandikwe kwenye profoma.

Viini sawa, kasi tofauti

Uzuri wa kuzilinganisha prosesa hizi mbili ni kwamba zinafanana katika mengi. Kila moja ina viini vinne. Kila kiini hushughulikia mfululizo mmoja wa kazi kwa wakati. Kila moja ina kashe ya megabaiti 6, ambayo ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa kwa ajili ya data inayohitajika mara kwa mara. Kama uwezo ungetegemea idadi ya viini na ukubwa wa kashe, zingetoka sare.

Kwenye mapigo ya saa, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Core i3-8100 hupiga gigahezi 3.6, yaani mapigo bilioni 3.6 kwa sekunde, na haina uwezo wa kujiongeza zaidi ya hapo. Core i5-2400 huanzia gigahezi 3.1 na huweza kupanda hadi 3.4 pale kiini kimoja tu kinapokuwa na kazi na joto likiwa linaruhusu. Ukilinganisha 3.6 na 3.4, pengo ni kama asilimia 6. Lakini katika majaribio ya PassMark, ambayo hukusanya matokeo kutoka kompyuta za watumiaji wengi, alama za jumla za i3-8100 huzidi zile za i5-2400 kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwenye kazi inayotegemea kiini kimoja pengo hupungua, lakini hubaki kadiri ya theluthi moja. Asilimia 6 za mapigo haziwezi kueleza tofauti hiyo.

Maelezo yake hayatamwia vigumu mtumishi wa afya, kwa kuwa anayajua tangu somo la moyo. Kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika hakitegemei mapigo peke yake. Ni mapigo mara ujazo wa damu kwa kila pigo. Moyo unaopiga mara 70 na kusukuma mililita 70 kila mara hutoa lita 4.9 kwa dakika. Mwanariadha wa mbio ndefu anaweza kuwa na mapigo 50 tu na bado akafikia kiasi hicho, kwa kuwa kila pigo lake hubeba karibu mililita 100. Gigahezi ni mapigo. Kazi inayokamilika kwa kila pigo ni jambo jingine, na ndilo lililoboreshwa zaidi kati ya mwaka 2011 na 2017.

Wasomaji waliotumia kompyuta miaka ya nyuma watakumbuka jinsi kosa la kuhesabu mapigo peke yake lilivyofichuka. Mwaka 2004 prosesa ya Pentium 4 ilifikisha gigahezi 3.8. Miaka miwili baadaye Core 2 Duo ikaja na mapigo machache zaidi, mengine hata chini ya gigahezi 2, na ikaipita. Kampuni iliyokuwa imewazoesha wanunuzi kuhesabu gigahezi ikalazimika kuwafundisha upya.

Kazi kwa kila pigo huongezwaje? Njia mojawapo inafanana na utaratibu wa kupanga wagonjwa kwa uharaka na utayari wao. Muuguzi mzoefu haachi chumba cha daktari kikae tupu eti kwa sababu mgonjwa wa kwanza anasubiri majibu ya maabara. Humwingiza anayefuata aliye tayari, na wa kwanza huitwa majibu yakifika. Prosesa za sasa hufanya vivyo hivyo. Agizo linalosubiri data kutoka kwenye kumbukumbu huwekwa kando, na mengine yaliyo tayari hutekelezwa. Core i5-2400 huweza kushikilia maagizo 168 kwenye benchi hilo la kusubiri katika kila kiini. I3-8100 hushikilia 224. Benchi likiwa refu, nafasi ya kupata aliye tayari huongezeka, na kiini hakikai bure.

Njia ya pili ni kubeba zaidi kwa safari moja. Prosesa ya 2011 hufanya hesabu za namba kamili kwa vipande vya biti 128. Ya 2017 ina maagizo yaitwayo AVX2, ambayo hubeba biti 256 kwa agizo moja. Tofauti hii haionekani mtu anapoandika barua. Huonekana kwenye programu zinazochakata picha, maadamu waandishi wa programu hizo wameitumia fursa yenyewe. Ya tatu ni barabara inayounganisha prosesa na kumbukumbu ya RAM. Intel huikadiria kuwa gigabaiti 21 kwa sekunde kwa i5-2400 inayotumia kumbukumbu za DDR3, na 37.5 kwa i3-8100 yenye DDR4. Makadirio hayo ni ya kompyuta yenye vipande viwili vya kumbukumbu vinavyofanya kazi kwa jozi. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na kipande kimoja, na hapo barabara hupungua kwa nusu bila mnunuzi kujua.

Kuna jambo jingine ambalo majaribio ya mwaka 2011 hayakuweza kulionyesha. Januari 2018 ulimwengu ulitangaziwa udhaifu wa kiusalama ndani ya prosesa zenyewe, uliopewa majina Meltdown na Spectre. Prosesa zote mbili zinazozungumziwa hapa ziliguswa. Dawa ilikuja kwa njia ya masasisho ya programu, na dawa hiyo ina madhara yake: hupunguza kasi. Microsoft ilieleza mwezi huo huo kwamba upungufu huo ungeonekana zaidi kwenye prosesa za kizazi cha 2015 na za kabla yake. Anayesoma leo alama ambazo i5-2400 ilipata ilipotoka anasoma habari za kompyuta ambayo haipo tena katika hali ile.

Je, prosesa ndiyo mgonjwa?

Kufikia hapa inaonekana shauri limekwisha na i3-8100 imeshinda. Imeshinda shindano la prosesa, ndiyo. Lakini foleni ya mapokezi haikuwa imelalamika kwamba prosesa ni dhaifu. Ililalamika kwamba jalada la mgonjwa linachelewa kufunguka, na hayo ni malalamiko mawili tofauti. Homa si malaria mpaka kipimo kiseme hivyo, na kompyuta inayokwenda taratibu haina upungufu wa prosesa mpaka ipimwe.

Mtuhumiwa wa kwanza ni diski. Kompyuta nyingi za mtumba za enzi za i5-2400 bado zina diski za kuzunguka, ambazo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani diski husubiri milisekunde 4 hivi ili sehemu yenye data ifike chini ya kichwa kinachosoma, bila kuhesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Katika milisekunde hizo 4, prosesa yenye gigahezi 3.1 hupitisha zaidi ya mapigo milioni 12 ikiwa haina la kufanya. Diski za SSD hazina kinachozunguka, na hujibu kwa sehemu ndogo sana ya muda huo.

Hebu tuseme, kwa kielelezo tu, kwamba kufungua jalada moja huchukua sekunde 20: sekunde 12 ni za kusubiri diski, 6 ni za mtandao na seva, na 2 ni za prosesa. Kubadilisha prosesa peke yake kwa nyingine yenye uwezo wa mara moja na nusu kutapunguza zile 2 kuwa 1.3. Jalada litafunguka kwa sekunde 19.3. Kubadilisha diski peke yake, zile 12 zikashuka hadi 1, kutaleta sekunde 9. Kwa wagonjwa 200 kwa siku, hatua ya kwanza huokoa dakika 2 na ushei. Ya pili huokoa dakika 36 na ushei. Namba halisi za kila kituo zitakuwa nyingine, lakini namna ya kuzihesabu ni hiyo hiyo.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji fundi. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua ubao unaoonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Muhimu ni kuutazama wakati wa foleni, si jioni kituo kikiwa kitupu. Diski ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 na prosesa iko 15, tatizo limejitaja. Kumbukumbu ikiwa imejaa, kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu, na hapo hata prosesa bora kuliko zote haitasaidia. Vyote vikiwa chini na skrini bado inasubiri, basi kinachosubiriwa kiko nje ya kompyuta: ni mtandao au seva. Ni pale tu prosesa yenyewe, au kiini chake kimoja, inapokuwa imelemewa kwa muda mrefu ndipo mazungumzo ya i5 na i3 yanapata nguvu.

Kiini kimoja kimetajwa kwa sababu maalumu. Mifumo mingi ya taarifa za afya inayotumika katika eneo hili hufunguliwa ndani ya kivinjari. DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea katika wizara za afya za nchi nyingi, ni mfano mmoja, na OpenMRS, ambayo historia yake inahusisha Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, ni mwingine. Sehemu kubwa ya kazi ya ukurasa mmoja wa kivinjari hupita kwenye kiini kimoja. Kwa hiyo karani anayejaza fomu ndefu hafaidiki sana na wingi wa viini. Hufaidika na kasi ya kimoja, ambayo kati ya prosesa hizi hutofautiana kwa kadiri ya theluthi ile iliyotajwa. Si haba, lakini si muujiza.

Vumbi na joto navyo vinastahili neno moja. Prosesa inayopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake ili isiungue. Kompyuta ya umri wa miaka zaidi ya kumi, iliyo kwenye chumba kisicho na feni mjini Tanga au Mombasa, ambayo haijawahi kufunguliwa na kupulizwa vumbi, inaweza kupoteza kasi bila kuharibika chochote.

Picha na video

Kwenye chumba cha picha hesabu hubadilika. Tabaka moja la kipimo cha CT lina nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti 2, jumla nusu megabaiti. Kipimo chenye matabaka 500 hufikia megabaiti 250. Mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao bado uko katika majengo mengi, huhitaji angalau sekunde 20 kukihamisha. Wa gigabiti 1 huhitaji 2. Hapo kebo na swichi zina sauti kubwa kuliko prosesa.

Picha zikishafika, zamu ya prosesa huanza. Kusogeza matabaka juu na chini, kubadilisha mwanga ili mapafu yaonekane na kisha mifupa, au kujenga mwonekano wa ubavuni kutokana na matabaka ya mlalo, yote hayo ni hesabu zinazogawika vizuri kwenye viini vinne na kunufaika na barabara pana ya kumbukumbu. Ni kazi ambayo i3-8100 huifanya kwa wepesi unaoonekana kwa macho, hasa ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 au 16. Prosesa zote mbili zina uwezo wa michoro ndani yake, kwa hiyo hazilazimiki kuongezewa kadi. Ikumbukwe pia kwamba skrini ya kawaida ya ofisini inatosha kwa daktari wa wodini kutazama picha, lakini kusoma eksirei kwa ajili ya ripoti rasmi huhitaji skrini ya daraja lake, na hakuna prosesa inayofidia skrini duni.

Kwenye mashauriano ya video, pengo ni kubwa kuliko alama za majaribio zinavyoonyesha. Sehemu ya michoro ya i3-8100 ina mitambo ya kufungua video za VP9 na HEVC. Ile ya i5-2400 ilitengenezwa kabla ya aina hizo kuenea. Inapozipokea, viini vyake vya kawaida hulazimika kuzifungua vyenyewe, kompyuta huunguruma, na programu ya majalada iliyo wazi pembeni huanza kusita wakati daktari bingwa upande wa pili akiuliza kiwango cha oksijeni cha mgonjwa.

Usalama wa taarifa

Jambo linaloamua shauri hili kuliko kasi zote ni tarehe. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo masasisho ya usalama hupatikana kwa mpango wa ziada na kwa muda mfupi tu. Windows 11, kwa upande wa Intel, hukubali kwa jumla prosesa za kuanzia toleo la nane, na huhitaji pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Core i3-8100 iko kwenye orodha. Kompyuta zake nyingi zina TPM ndani yake, ingawa wakati mwingine huwa imezimwa na huhitaji kuwashwa kwenye mipangilio ya awali. Core i5-2400 haimo. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha, lakini kompyuta iliyolazimishwa haina ahadi ya kuendelea kupata masasisho. Core i3-7100 iliyotajwa awali haimo pia, na hapo namba moja kwenye profoma huwa na uzito wa miaka kadhaa.

Kinachoweza kutokea kilishatokea. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilivamia kompyuta duniani kote, zikiwemo za huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Majalada yalifungwa na fidia ikadaiwa. Maelfu ya miadi ya wagonjwa iliahirishwa, na baadhi ya hospitali zilielekeza magari ya wagonjwa kwingine. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kwamba taasisi zote zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyo na huduma au isiyosasishwa. Sehemu kubwa ilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa na huduma. Kinga ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, na haikuwekwa. Kwa hiyo kununua prosesa inayokubalika ni nusu ya kazi. Chanjo iliyo kwenye jokofu haimkingi mtoto.

Kwa mgonjwa, hili si suala la mafundi peke yao. Majibu yake ya VVU, historia ya uzazi wake, namba yake ya simu, vyote vimo kwenye kompyuta hiyo ya mapokezi au hupitia hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Mgonjwa ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwa wapi na nani anaweza kuziona, na mtumishi anayeulizwa hana sababu ya kukasirika.

Kulinganisha kwa haki

Kabla ya kulipa, kituo kinaweza kumwomba muuzaji kompyuta moja ya kila aina kwa siku mbili. Jaribio lifanywe kama jaribio lolote la kitabibu: kibadilishwe kitu kimoja, vingine vyote vibaki sawa. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kulinganisha kompyuta mpya yenye SSD na ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kisha sifa zote kupewa prosesa. Hicho ni kivurugi kile kile ambacho watafiti wa tiba hujihadhari nacho. Aina ya diski, ukubwa wa kumbukumbu, mfumo endeshi, kebo ya mtandao na saa ya siku vifanane. Kazi iwe ile ya kila siku: kufungua jalada nene, kusajili mgonjwa mpya, kuchapa risiti, kufungua kipimo kimoja cha CT. Kila kazi irudiwe mara kumi kwa saa ya simu, na kichukuliwe kipimo cha katikati badala ya kile kilichopendeza. Anayeshika saa asiwe yule aliyekwisha kuchagua upande.

Umeme nao utapimwa hapo. Namba zilizoandikwa, wati 95 kwa i5-2400 na wati 65 kwa i3-8100, ni viwango vya joto ambavyo mfumo wa kupoza unapaswa kuvimudu prosesa ikiwa kazini kikamilifu. Si kile ambacho mita itasoma siku nzima, kwa kuwa kompyuta ya mapokezi hutumia muda mwingi ikisubiri mtu abonyeze kitufe. Kituo kinachotegemea umeme wa jua kipime kwenye soketi, kikijumlisha skrini.

Ikiwa kituo kinanunua kompyuta za kutumia Windows na zitakazogusa taarifa za wagonjwa, i3-8100 ndiyo ya kuchukua kati ya hizi mbili, hata kwa bei ya juu kidogo, na fedha ikibana ipunguzwe idadi ya kompyuta kuliko toleo la prosesa. Kompyuta hiyo iwe na SSD na RAM isiyopungua gigabaiti 8. Kituo ambacho tayari kina i5-2400 na hakina bajeti hakilazimiki kuzitupa. SSD, kumbukumbu ya kutosha na mfumo endeshi wa Linux unaoendelea kusasishwa vitaifanya ifungue mfumo wa kwenye kivinjari kwa kasi inayoridhisha, mradi programu za bima na vichapishi vijaribiwe kwanza.

Zitakazostaafu kabisa zisiuzwe wala kupelekwa shuleni zikiwa na diski zake. Kufuta majalada kwa kitufe cha kawaida huondoa jina la faili tu. Yaliyomo hubaki na huweza kurejeshwa na mtu mwenye programu inayopatikana bila malipo. Diski ya kuzunguka iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta, au itobolewe. SSD ifutwe kwa amri ya mtengenezaji wake, kwa sababu kuiandika juu hakugusi sehemu zake zote. Kisha namba ya diski, tarehe na jina la aliyefuta viandikwe kwenye daftari la mali la kituo.